Waridi la kukata: siku za vazini zinaanzia grinihausi

Waridi likiinama shingo siku ya tatu vazini, yaani kwenye chombo cha maua, kila mtu hulaumu koldirumu (chumba cha baridi) au lori. Mimi nasimamia grinihausi huku Naivasha, na nikifuatilia malalamiko ya namna hiyo mara nyingi narudi kulekule: ua lilikuwa limeshaharibika likiwa bado mtini, ila halikuonyesha. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Chagua aina kulingana na mwinuko

Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hapa shina hukatwa, likachipua na kutoa ua jingine baada ya wiki sita hadi nane hivi. Panda hadi Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya: baridi inalichelewesha ua, kichwa kinajaa na shina linanenepa, ila unapata mashina machache kwa mita moja ya mraba. Shuka Usa River, upande wa Arusha, joto linalikimbiza ua na kichwa kinabaki kidogo. Basi usinunue miche kwa uzuri wa picha. Uliza aina hiyo imefanya vipi kwenye mwinuko kama wako. Baadhi ya mawaridi mekundu hufanya weusi kwenye kingo za petali usiku ukiwa wa baridi kali, na weusi huo hauna dawa.

Hatua ya 2: Simamia unyevu wa usiku

Hapa ndipo pesa hupotelea. Tundika kipimajoto na kipima unyevu katikati ya grinihausi, usawa wa vichwa vya maua, mahali pasipopigwa na jua. Usivitundike mlangoni, vya mlangoni vinakusomea hewa ya nje.

Unyevu ukipita asilimia 90 usiku kucha, mambo mawili hutokea. La kwanza ni botritisi, ile kuvu ya kijivu. Alfajiri plastiki huwa baridi, umande unajikusanya chini yake na kudondokea petali. Jua likichomoza, hewa inapata joto upesi kuliko kichwa cha ua, na kichwa hicho kinalowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Shika waridi jeupe saa moja asubuhi, ulifungue petali za nje taratibu: ukiona vidoadoa vya rangi ya waridi vidogo kama ncha ya sindano, kuvu imeshaingia. Ndani ya boksi vitakuwa madoa ya kahawia.

La pili watu wengi hawalijui. Jani lililokua kwenye hewa yenye maji wakati wote halizoei kufunga stomata, vile vitundu vyake vya kupumulia. Likifika sebuleni kwa mteja linaendelea kuachia maji hata pale shina linaposhindwa kuyavuta ya kutosha, na shingo inalegea. Jipimie mwenyewe: chuma jani moja kwenye kona yenye unyevu na jingine kwenye kona yenye upepo, yaweke mezani pamoja. La konani kwenye unyevu kwa kawaida hunyauka kwanza.

Kwa hiyo mwagilia asubuhi, siyo jioni. Jioni acha mapazia ya pembeni wazi kidogo hewa nzito itoke, na asubuhi yafungue mapema kabla jua halijakolea. Julai moja niliogopa baridi nikaamuru yafungwe kabisa tangu saa kumi alasiri. Maua yalipendeza ajabu, hata nikajisifu. Wiki iliyofuata mnunuzi alituma picha za maboksi yenye ukungu, na hakuna aliyenisikiliza nilipotaja baridi.

Hatua ya 3: Mwanga

Osha plastiki ikishika vumbi. Mwanga ukipungua, machipukizi mengi huwa vipofu: yanarefuka bila kutoa ua. Yalaze chini yalishe mti kwa majani yake, usiyakate.

Hatua ya 4: Maji na chakula

Pima maji kabla ya kununua mbolea. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina baikaboneti nyingi. pH (kipimo cha asidi) inapanda, madini ya chuma hayafyonzwi, na majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Wengine huona hivyo wakaongeza naitrojeni. Naitrojeni ikizidi shina linakuwa laini na botritisi inapata njia. Tibu maji kwa asidi hadi pH iwe kati ya 5.5 na 6.5, kisha hakikisha kalsiamu ipo, maana ndiyo inayokaza kuta za seli za petali.

Hatua ya 5: Kukata

Kata ua sepali zake (vijani vya kijani vinavyolifunika) zikiwa zimeanza kujikunja chini. Likikatwa bichi mno halinywi maji, litainama tu. Ndoo yenye maji safi ikufuate kwenye mstari. Shina likikaa hewani linavuta hewa. Kisha koldirumu, nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi.

Hatua ya 6: Vazi la ofisini

Kila wiki toa mashina matano kwa kila grinihausi, weka vazini, andika siku ya kuinama au ya doa la kwanza. Andika kwenye daftari lilelile unaloandikia vipimo vya unyevu wa usiku, kurasa zikitazamana. Vazi la grinihausi namba 3 likishindwa siku ya tano, rudi nyuma wiki mbili tatu kwenye safu ya unyevu wa alfajiri, kisha nenda kamuulize mlinzi nani alifunga mapazia.