Kufufua mfumo wa sola uliokufa: njia ya mafundi wa Salyut 7

Baridi ya Juni na Julai ndiyo inayozima sola nyingi huku kwetu, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Ukungu unakaa Uporoto na Makete hadi asubuhi imekwenda, betri inatumika kila usiku bila kurudishiwa chaji ya kutosha, mwisho taa haziwaki. Mwenye nyumba anaambiwa anunue betri mpya. Ndugu fundi, usimwambie hivyo kabla hujapima. Betri ni pesa nyingi kwa mkulima wa viazi.

Mwaka 1985 tatizo kama hili liliwapata Wasovieti angani. Kituo chao cha Salyut 7, kikiwa hakina mtu ndani, kilikatika mawasiliano mwezi Februari. Juni walipanda Vladimir Dzhanibekov na mhandisi Viktor Savinykh, wakakuta giza, maji yameganda na betri hazina kitu. Walifanya kazi wamevaa kofia za sufu kama watu wa Kitulo. Paneli zilikuwa nzima. Kilichokiua kituo ni sensa moja iliyoharibika, ikawa inakata chaji kana kwamba betri imejaa. Utaratibu wao unafaa hata kwenye paa la bati.

Hatua ya kwanza, tenganisha. Zima mizigo yote, yaani taa na kila kinachotumia umeme, toa waya za paneli kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya betri), kisha za betri. Paneli ifunike kwa blanketi. Fungua dirisha, na pasiwe na moto wala sigara, maana betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Hatua ya pili, pima betri moja moja. Iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 au 12.7, ikiwa 12.2 ipo nusu. Chini ya 10.5 imekwisha kabisa, lakini kwisha si kufa. Iliyovimba au kupasuka weka pembeni. Betri iliyokwisha huganda upesi kuliko iliyojaa, hivyo kule kwenye sakitu kagua kasha lake vizuri. Kama ni ya maji, bamba za ndani zikiwa wazi ongeza maji ya betri hadi yazifunike tu, usiongeze asidi. Huko angani betri mbili kati ya nane hazikufaa tena, sita zilitosha.

Hatua ya tatu, paneli. Paneli ya volti 12 yenye seli 36, ikiwa juani bila kuunganishwa popote, inatakiwa isome kama volti 20 hadi 22. Ifute vumbi. Mbeya iko kusini ya ikweta, kwa hiyo Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, na paneli iliyolalia kusini inapoteza sana. Dzhanibekov na Savinykh walikigeuza kituo kizima kwa injini za chombo chao ili paneli zipate jua.

Hatua ya nne ndiyo inayookoa betri. Kontrola nyingi huwaka kwa umeme wa betri yenyewe, kwa hiyo betri ikishuka mno kontrola haiwaki, na isipowaka haichaji. Wale wawili waliunganisha waya za paneli moja kwa moja kwenye betri, wakizisokota kwa mikono na kuzifunga tepu. Nawe fanya hivyo, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na fyuzi karibu na betri. Hakikisha chanya na hasi kwa mita, usiamini rangi ya waya. Kaa hapohapo. Shika kasha kila mara: likipata moto, au volti zikipita 14.4, toa waya. Ikishafika 12.5 baada ya kutoa waya na kupumzisha betri, inatosha kuamsha kontrola. Jua likizama usiache imeunganishwa hivyo, betri itarudisha umeme kwenye paneli.

Hatua ya tano, mtafute muuaji. Rudisha betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Chaji inapoingia, pima volti kwenye skrubu za kontrola, halafu pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye klipu. Namba mbili hizo zikiachana zaidi ya volti 0.3, umeshampata. Kontrola inaona volti nyingi kuliko zilizofika, inadhani betri inakaribia kujaa, inapunguza chaji mapema. Waya ni mwembamba, au mrefu mno, au kuna kutu ya kijani chini ya klipu. Fungua, piga msasa hadi madini ya risasi ya kichwa cha betri yang'ae, kaza, paka grisi juu. Mara nyingi nakuta hapa ndipo penye kosa, na mtu ameshabadilisha betri bila kugusa klipu. Angalia pia kontrola imewekwa aina gani ya betri. Betri ikiwa ya maji na kontrola imewekwa jeli, betri haitajaa vizuri.

Hatua ya sita, rudisha mizigo mmoja mmoja, ukipima kila mara. Taa kwanza, chaji ya simu ifuate, inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa vyombo vya nyumbani) ya mwisho. Mzigo ukiangusha volti ghafla, kagua waya wake kabla ya kuendelea.

Asubuhi yake, kabla jua halijagusa paneli, pima tena. Ikiwa juu ya 12.2, mwachie mwenye nyumba. Ikiwa imeshuka chini ya hapo na taa ziliwaka kidogo tu, sasa una haki ya kumwambia anunue betri.