Kusoma picha za X-ray penye kelele: hatua ninazofuata Kigoma

"Hana maji." Ndivyo nilivyosema kwenye simu. Jenereta lilikuwa likinguruma nje ya dirisha, na muuguzi wa wodini akaandika "ana maji". Herufi moja ilipotea, mgonjwa akaanza kuandaliwa kutolewa maji kifuani kwa sindano. Daktari aliomba kuiona picha kwanza, ndipo tukanusurika.

Hatua ya 1: Sikiliza chumba. Kabla ya kufungua picha yoyote, kaa dakika tano umefumba macho, kisha andika ulichosikia: feni, jenereta, redio ya mlinzi, ndugu wa wagonjwa kwenye benchi. Ukiwa na programu ya kupima desibeli kwenye simu, itumie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 unataka vyumba vya kutibia wagonjwa visizidi desibeli 35. Mazungumzo ya kawaida tu hufika karibu 60.

Hatua ya 2: Tenga maneno na mngurumo. Hapa ndipo penye kazi. Feni ikivuma vilevile, masikio huizoea. Maneno hayazoeleki, na lugha ya nyumbani ndiyo mbaya zaidi. Mimi ni Muha. Watu wakiongea Kiha dirishani kuhusu bei ya migebuka, akili inawafuata yenyewe, na macho yanabaki kwenye mbavu bila kuzihesabu. Kwa hiyo usianze na feni, anza na benchi. La kwetu tulilisogeza hadi chini ya mwembe, na ndugu wenyewe wakafurahia kivuli.

Hatua ya 3: Ukikatizwa, anza upya. Usiendelee pale unapodhani uliishia. Rudi kwenye ncha za mapafu, ambako kifua kikuu cha watu wazima hupenda kukaa na mtulinga huweza kuficha doa. Kisha mbavu moja moja, nyuma ya moyo, na pembe za chini ambako maji hujikusanya.

Hatua ya 4: Mvua ikipiga bati, picha zisizo za haraka zisubiri. Ya dharura isome, kisha irudie mvua ikikatika.

Hatua ya 5: Kwenye simu achana kabisa na "ana" na "hana". Sema "hakuna maji, kulia wala kushoto", halafu mwombe anayepokea akusomee alichoandika. Asiponisomea, sikati simu.