Kufunga redio mpya na sabufa mbili kwenye Corolla 110

Corolla 110 iliyotoka Japani haizijui stesheni zetu. Redio yake ilitengenezwa kushika FM ya kule, MHz 76 hadi 90, wakati stesheni za Tanzania na Kenya zimejipanga kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mwenye gari huambulia stesheni mbili tatu tu. Wapo wanaofunga kile kijiboksi cha kubadili masafa kwenye waya wa antena. Kinafanya kazi, lakini namba inayoonekana kwenye kioo haifanani na ya stesheni, na sauti mara nyingi inakuja na mikwaruzo. Mimi hushauri redio ibadilishwe. Na mtu akishabadilisha redio, haipiti wiki mbili anarudi: "Fundi, sasa nitilie na besi."

Nayaandika haya kwa anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe, au anayetaka kumsimamia fundi wake akijua kinachofanyika. Mfano wangu ni Corolla 110 ya mwaka 1998, redio ya DIN mbili (ile yenye kimo cha redio mbili), amplifaya moja ya sabufa yenye wati 500 za kweli, na sabufa mbili za inchi 12, kila moja wati 250 na omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Mwenye Carina, Starlet au Corona ya miaka hiyo anaweza kufuata njia hiyohiyo.

Kabla ya kutoa hela

Usinunue namba iliyoandikwa kwenye katoni. Amplifaya inasema wati 2000, ukiigeuza unakuta fyuzi moja ya ampea 30. Zidisha 30 kwa volti 13.8, unapata wati 414. Huo ndio umeme wote unaoweza kuingia kabla fyuzi haijakatika, na hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula. Kama ni amplifaya ya daraja D (Class D, aina isiyopoteza umeme mwingi), ondoa asilimia 20 inayopotea kwa joto, unabaki na wati kama 330. Fanya hesabu hiyo palepale dukani, muuzaji akiwa anakutazama. Kwenye sabufa nayo tafuta herufi RMS, yaani nguvu ya kudumu, si ya kilele. Wati zinazofuata herufi hizo ndizo za kuamini.

Kisha soma kibandiko cha altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Za Corolla za umri huu nilizozishika zilikuwa kati ya ampea 60 na 80. Amplifaya ya wati 500 ya daraja D hufika kama ampea 45 inapopiga kwa nguvu zote. Muziki haukai kileleni muda wote, kwa hiyo wastani uko chini sana ya hapo, lakini kumbuka usiku kuna taa kubwa mbili, kuna AC, kuna feni ya radieta, na vyote vinakula sahani moja. Kwa gari hili sipandi juu ya wati 500. Anayetaka 1500 aanze na altaneta.

Hela kubwa iende kwenye waya. Natumia waya wa geji 4, yaani kama milimita 21 za mraba, wa shaba tupu. Madukani umejaa waya mnene, laini, wa rangi nzuri, ambao ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, huo hauwezi kubeba kile inachobeba shaba ya unene uleule. Ukiutumia, panda saizi moja zaidi.

Hatua ya 1: Zima kila kitu

Funguo nje, kisha chomoa terminali hasi ya betri kwa spana namba 10 na uifunike kitambaa isije ikagusa tena. Subiri dakika kadhaa kama gari lina mifuko ya hewa. Soketi za njano utakazoziona ndani ya dashibodi ni za mifuko hiyo. Usiziguse, usizipime kwa testa.

Hatua ya 2: Toa redio ya zamani

Fremu ya plastiki inayozunguka redio na vitufe vya AC imeshikiliwa kwa klipu. Ivute taratibu kwa vidole au kwa kipande cha plastiki. Bisibisi ya chuma itaacha alama ambayo mwenye gari ataitazama kila siku. Plastiki ya miaka zaidi ya 25 ni kavu, kwa hiyo gari likae juani kidogo kwanza ilainike. Redio yenyewe imeshikwa na bolti nne namba 10. Ivute nje, chomoa soketi na antena.

Usikate soketi. Hapa ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Toyota hizi zina soketi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, na madukani unapata soketi za kike za kuchomekea zenye waya tayari kwa bei ndogo. Ukikata za gari, anayekuja baada yako anakuta fundo la waya zilizoviringishwa tepu, na hajui upi ni upi.

Hatua ya 3: Unganisha waya za redio mezani

Kazi hii ifanyike mezani, si ukiwa umekunjama chini ya dashibodi. Rangi za Toyota ni hizi: bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni umeme unaokuja ukiwasha swichi, kahawia ni athi (waya wa hasi unaorudi kwenye bodi ya gari), kijani ni mwanga wa taa za dashi. Upande wa redio mpya, njano ni wa kudumu, mwekundu ni wa swichi, mweusi ni athi, rangi ya chungwa ni mwanga. Basi bluu-njano iende kwa njano, kijivu kwa mwekundu, kahawia kwa mweusi. Ukigeuza hizo mbili za kwanza, redio itasahau stesheni kila ukizima gari.

Spika za mbele upande wa Toyota: kulia ni kijani-mpauko chanya na bluu hasi, kushoto ni waridi chanya na zambarau hasi. Za nyuma: kulia ni nyekundu chanya na nyeupe hasi, kushoto ni nyeusi chanya na njano hasi. Tazama mtego uliopo hapo: hii nyeusi si athi, na hii njano si umeme. Ziko kwenye soketi ya pini 6, na ni za spika. Nimeona redio mpya ikiungua siku ya kwanza kwa kosa hilo. Kwenye redio mpya, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Waya wenye mstari mweusi ndio hasi. Usiunganishe hasi ya spika yoyote na bodi ya gari.

Gari likiwa limepita mikono mingi, rangi zinaweza kuwa zimeshabadilishwa. Rudisha betri kwa muda, pima kwa multimita: wa kudumu usome volti 12 na zaidi kidogo funguo ikiwa nje, wa swichi usome sifuri mpaka uwashe. Ukimaliza kupima, chomoa betri tena.

Lehemu kwa risasi, vika kila kiungo mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu ya umeme peke yake, kwa joto la Dar, gundi yake inayeyuka ndani ya miezi na waya zinabaki uchi.

Hatua ya 4: Ifunge kwenye dashi

Ng'oa vyuma vya pembeni kwenye redio ya zamani uvihamishie kwenye mpya. Redio nyingi za DIN mbili zina matundu yenye herufi T kwa Toyota na N kwa Nissan. Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200, redio ya kawaida ina 178, kwa hiyo kila upande utabaki mwanya wa milimita 11. Kuna vipande vya plastiki vya kuuziba. Viulizie unaponunua redio. Usiirudishe fremu bado. Kwanza chomeka waya za RCA, zinazopeleka sauti kwenye amplifaya, na waya wa bluu wenye mstari mweupe utakaoamsha amplifaya.

Hatua ya 5: Waya wa umeme kutoka kwenye betri

Hapa nenda polepole kuliko popote. Niliwahi kuletewa Corolla ambayo zulia la upande wa dereva lilikuwa limeungua. Aliyefunga muziki alitoboa ukuta wa injini, akapitisha waya bila mpira. Mtikisiko wa barabara ukala ngozi ya waya taratibu, siku moja shaba ikagusa bati. Fyuzi ilikuwepo, ila ilikuwa nyuma, kwenye amplifaya. Umeme wa betri haukuwa na sababu ya kufika huko. Uliishia pale ukutani, ukaugeuza waya kuwa koili ya jiko. Mwenye gari alinusa harufu, akasimama, akawahi kuchomoa betri. Mtoto wake alikuwa amelala kiti cha nyuma.

Fyuzi kubwa inalinda waya, na waya unaanzia kwenye betri. Kwa hiyo ifungwe hapohapo, isizidi sentimita 45 kutoka terminali chanya. Kwa mfumo huu naweka ya ampea 60. Pitisha waya kwenye tundu lenye mpira ambalo gari lilikuja nalo. Kama lazima utoboe tundu jipya, livike mpira. Ndani ya gari waya ulale chini ya ukingo wa mlango upande mmoja. RCA na waya wa bluu-nyeupe vipite upande wa pili. Ukivilaza pamoja utasikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka kila unapokanyaga mafuta. Fyuzi yenyewe usiiweke mpaka mwisho kabisa.

Hatua ya 6: Athi

Waya wa athi uwe wa unene uleule, mfupi, chini ya nusu mita, ufungwe kwenye bati la bodi ndani ya buti. Kwaruza rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, funga kwa bolti na washa yenye meno, kisha paka grisi juu yake. Kwa walio Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, grisi hiyo ni lazima: hewa ya chumvi inaotesha kutu kwenye chuma kilichokwaruzwa kabla mwaka haujaisha, na besi inaanza kufifia bila sababu ya kuonekana.

Hatua ya 7: Boksi

Kabla ya kukata mbao, pima mdomo wa buti. Sakafu ni pana, mdomo ni mwembamba, na boksi lisilopita mlangoni ni kuni.

Boksi lililozibwa ndilo rahisi kulipatia, na besi yake ni kavu, inafaa ngoma za kila aina. Kila sabufa ipate chumba chake cha lita 30 hadi 33, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji iseme vingine. Chumba cha ndani cha sentimita 40 kwa 33 kwa 25 kinatoa lita 33. Kwa mbao za milimita 18 na ubao mmoja wa kugawa katikati, boksi zima kwa nje ni sentimita 85.4 kwa 36.6 kwa 28.6. Gundi ya mbao kila kiungo, skrubu kila sentimita 10, silikoni kwenye pembe zote za ndani, halafu liache likauke usiku kucha kabla ya kuweka sabufa. Lifunge kwenye sakafu ya buti. Boksi la uzito huo gari likifunga breki ghafla linapita kwenye mgongo wa kiti.

Sabufa mbili za omu 4 uziunge sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, upate omu 2. Hakikisha amplifaya yako inaruhusu omu 2. Ukikosea moja ukaigeuza, zitavutana na besi itapotea kabisa ingawa zote zinatikisika. Jaribu kwa betri ndogo ya volti 1.5: chanya kwa chanya, koni zote zitoke nje kwa pamoja.

Hatua ya 8: Washa na urekebishe

Rudisha betri, weka fyuzi. Kisha chomoa sabufa kwenye amplifaya. Zima kila nyongeza ya besi kwenye redio, weka sauti robo tatu, piga toni ya Hz 50. Multimita iwe kwenye volti za AC (umeme geu, si kiyoyozi), iguse pini za kutolea sauti za amplifaya. Namba unayoitafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: 500 mara 2 ni 1000, kipeuo chake ni volti 31.6. Zungusha taratibu kitufe cha GAIN cha amplifaya, kinachopandisha au kushusha nguvu yake, mpaka uikaribie. Mimi huishia 28, maana koili iliyoungua harufu yake haitoki garini haraka. Kichujio cha LPF, kinachopitisha sauti nzito tu, kiweke Hz 80, na spika za milango zikatwe chini ya hapo kupitia menyu ya redio, zitatoa sauti safi zaidi.

Rudisha sabufa, washa injini, taa na AC, piga wimbo unaoujua vizuri. Pima betri muziki ukiwa juu: ikibaki juu ya volti 13, mfumo umekaa sawa. Ikishuka chini ya 12.6, betri ndiyo inayolisha muziki na altaneta imezidiwa, punguza GAIN.

Mwishoni zunguka nyuma ya gari. Kibati cha namba ndicho kinachopiga kelele kuliko vyote kwenye 110, kikifuatiwa na kifuniko cha buti. Bandika kipande cha sponji nyuma ya kibati. Baada ya wiki moja rudi na spana ukaze tena bolti ya athi na terminali za betri, kwa sababu waya mnene hulegea unapokaa.