Somo: Kuandika mapenzi ya karne ya 19 kati ya waita roho wa uongo

Wenzangu wa kalamu, wengi mmeliomba somo hili. Nimelichelewesha kwa sababu nilitaka kwanza niiandike upya hadithi yangu mwenyewe ya aina hii. Rasimu ya kwanza nilimpa dada mmoja mwenye jicho kali. Akasoma sura ya kikao: giza, mjane analia, meza inagongwa, roho imefika. Akaniuliza swali moja tu: "Huyu msichana amevaa kiatu gani?" Sikuwa na jibu. Kurasa 40 nimeandika habari za mwanamke anayejipatia riziki kwa kualisha vidole vya miguu yake gizani, watu wadhani ni roho inagonga, na kiatu chake sikijui.

Hatua ya 1: Chagua mwaka kabla ya kuchagua majina

Ulaghai huu wa kujifanya unaita roho za wafu ulibadilika kama mitindo ya nguo, na msomaji anayejua atakukamata. Ulianza usiku wa 31 Machi 1848, katika nyumba ndogo ya mbao huko Hydesville, jimbo la New York. Maggie Fox, mwenye miaka 14 hivi, na mdogo wake Kate, mwenye miaka 11 hivi, walimtia hofu mama yao kwa milio iliyosemekana ni ya mchuuzi aliyeuawa na kuzikwa chini ya nyumba. Novemba ya mwaka uliofuata watu walikuwa wakilipa senti 25 kuingia ukumbi wa Corinthian mjini Rochester kusikia milio hiyo hiyo.

Kwa hiyo miaka ya 1850 ni ya kugonga na meza kuyumba. Miaka ya 1860 unapata kabati la ndugu wawili Davenport, waliofungwa kamba humo ndani huku magitaa na kengele vikilia, na picha za mpiga picha Mumler wa Boston zenye kivuli cha marehemu nyuma ya mteja. Roho inayotembea chumbani na shela nyeupe mwilini, iweke miaka ya 1870.

Hatua ya 2: Jua mwili unafanya nini gizani

Hapa ndipo rasimu nyingi zinapofia, na yangu ilifia hapa.

Mwaka 1851 madaktari watatu wa Buffalo walimkalisha Maggie na dada yake mkubwa, Leah, wakawanyoosha miguu na kulaza visigino vyao juu ya mito. Milio ikakoma. Fikiria hilo kwa makini: kiungo kinachoalika kinahitaji kitu kigumu cha kukiegemea, vinginevyo hakitoi sauti ya kujaza chumba. Tarehe 21 Oktoba 1888, mbele ya umati mjini New York, Maggie alivua kiatu, akaweka mguu juu ya kigoda cha mbao, akaalisha kidole, ule mlio ukasikika ukumbi mzima. Alisema walianza kwa tufaha lililofungwa uzi, wakilidundisha sakafuni usiku ili mama ashtuke. Baadaye ndipo wakagundua vidole vya miguu.

Basi mwandikie msichana wako sakafu ya mbao isiyo na zulia, gauni linalofika chini na kiatu cha soli nyembamba. Mwandikie nyumba ya tajiri yenye zulia nene, aingie humo na moyo umwende mbio. Mwandikie kidole kinachouma asubuhi za baridi, naye hawezi kumwambia mtu kwa nini anachechemea.

Mikono nayo ina kazi yake. Watu huketi duara wakishikana mikono gizani ili pasiwe na hila. Yeye husogeza mikono yake kidogo kidogo, kama anayetetemeka, mpaka jirani wa kulia na wa kushoto wote wawili wanaushika mkono mmoja bila kujua. Sasa ana mkono huru. Na zile tenzi za kanisani walizoimba kabla ya roho kufika zilikuwa na faida nyingine: zilifunika mchakacho wa nguo.

Hatua ya 3: Usimcheke mfiwa

Naomba hili mlishike sana. Aliyekuja kikaoni hakuwa mjinga. Alikuwa amezika mtoto, pengine watatu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliua watu zaidi ya 600,000, na wengi hawakurudishwa nyumbani kuzikwa. Mama asiye na kaburi la mwanawe atalipa dola kusikia hata mlio mmoja wa mbao. Ukimwandika kama kichekesho, utakuwa umemwibia mara ya pili.

Mjane wa Kiingereza alivaa nyeusi miaka miwili hivi. Sisi tunaojua eda ya miezi minne na siku kumi tunaweza kuusikia uzito wake. Na jua jambo la sheria: kabla ya 1882, mali ya mwanamke aliyeolewa Uingereza kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa mume. Mjane ndiye aliyeweza kutia sahihi mwenyewe, ndiyo maana walaghai walimzunguka. Jane Lyon wa London alimpa mwita roho Daniel Dunglas Home pauni 60,000, baada ya "marehemu mumewe" kuagiza amfanye Home kuwa mwanawe. Mwaka 1868 mahakama iliamuru zirudishwe.

Hatua ya 4: Mpenzi ajue mapema

Rasimu nyingi huficha siri hadi sura ya mwisho: kijana anagundua, anavunjika moyo, anasamehe, harusi. Mimi naona hapo tumetupa kitu kizito kuliko vyote.

Mtazameni Maggie mwenyewe. Mwaka 1852, huko Philadelphia, alikutana na Elisha Kent Kane, daktari wa jeshi la majini na msafiri wa bahari za barafu, wa familia yenye jina. Kane aliamini kwamba kazi yake ni udanganyifu, tena alimpenda. Alimsihi aiache, akampeleka shule. Mei 1853 akang'oa nanga kumtafuta Sir John Franklin aliyepotea kaskazini, meli ikanasa kwenye barafu, na hakurudi New York hadi Oktoba 1855. Familia yake ikampinga Maggie. Mwaka 1857 Kane akafa Havana. Maggie alijitangaza mjane wake, akisema walioana kwa siri, na barua zao zikaja kuchapishwa.

Kinachonigusa ni kwamba Kane hakusimama hadharani kumwumbua. Alijua, akanyamaza. Mtu anayejua na kunyamaza ameshaingia katika uongo ule, na kila mjane atakayelia mezani baada ya hapo analia mbele ya watu wawili wanaojua. Mapenzi yako yaweke hapo, katikati.

Onyesho la mfano. Roho za kugonga zilizungumza kwa alfabeti: mtu husoma herufi kwa sauti, mlio ukisikika, herufi hiyo inaandikwa. Mpe mpenzi wako kazi ya kusoma. Mjane ameuliza kama mumewe bado anamkumbuka. Kijana anasoma A, B, C, D, E… kimya. Anafika S, mlio. Anaanza upya. Herufi ya pili T, ya tatu A, ya nne Y. Mjane anaangua kilio, kwani ameambiwa kwa Kiingereza "stay", yaani "kaa". Kijana anaitazama karatasi na mkono unamtetemeka, kwa sababu kesho asubuhi ana safari, na yeye peke yake ndiye anayejua ni nani aliyemwomba abaki.

Hatua ya 5: Fumanizi liwe la mkono

Fupi tu: hila hizi zilifumaniwa kwa kukamatwa. Mwaka 1880 jijini London, Sir George Sitwell aliishika "roho" iliyokuwa ikitembea, akamkuta ni mwita roho Florence Cook mwenyewe akiwa na nguo za ndani. Andika kitambaa kikichanika na joto la kifundo cha mkono. Hotuba ya mpelelezi haihitajiki.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Tanga: Shikamoo mwalimu. Je, naweza kumtilia mhusika wangu wa Rochester ubani na ngoma, msomaji wetu aelewe haraka?*

Marahaba. Usifanye hivyo. Kwetu pwani anayepandwa na pepo huitwa kiti, na pepo kwa kawaida hudai chake: nguo, chakula, ngoma. Si marehemu mumeo aliyeleta salamu. Rochester ni sebule, taa iliyopunguzwa, Biblia mezani. Msomaji wetu ataelewa, mwamini.

*Kutoka Nairobi: Lazima awe mwanamke?*

Hapana. Home alikuwa mwanamume, na Henry Slade aliyeandika "ujumbe" kwenye vibao vya shule alishtakiwa London mwaka 1876. Ila kumbuka kwamba kwa msichana wa wakati ule, hii ilikuwa miongoni mwa njia chache za kusimama jukwaani na kujipatia fedha zake. Ndiyo maana kumwambia "acha" si jambo jepesi. Aache ale nini?

*Kutoka Zanzibar: Mwalimu, mimi ni Mwislamu, naogopa. Kuandika haya si kuingia katika ushirikina?*

Swali lako nimelikaa nalo siku mbili, ndugu yangu. Kwa dini muulize sheikh wako, mimi si mjuzi. Kwa kalamu, naona unaandika habari za watu waliodanganya na watu waliodanganywa, na hakuna pahala unapomwomba msomaji aiamini ile milio. Maggie naye aligeukia dini: mwaka 1858, baada ya kifo cha Kane, alibatizwa Mkatoliki. Mpe mhusika wako hofu hiyo hiyo uliyo nayo wewe.

*Kutoka Dar: Hadithi ya mapenzi inataka mwisho mwema. Akiungama, si basi, wanaoana?*

Maggie aliungama 1888 kwa malipo, mwaka mmoja baadaye akayakana maungamo yake, na 1893 akafa fukara. Wako anaweza kupata mwisho mwema, sikukatazi. Lakini mpitishe kwanza kwa yule mjane wa "kaa". Amgongee mlango mchana, amweleze kwa kinywa chake kwamba usiku ule mumewe hakusema neno, kisha asubiri palepale kizingitini ajibiwe. Sura hiyo ndiyo nitakayoisoma kwanza ukinitumia.