Kabla ya kuinjika sufuria ya mbwa

Kumpikia mbwa nyumbani hakuhitaji ufundi mkubwa. Ni wanga ulioiva, nyama au samaki, mboga kidogo, mafuta kidogo na madini ya chokaa, basi. Kazi yenyewe iko kabla ya moto kuwashwa: nini kinaingia sufuriani, na kimetoka wapi. Mbwa wetu wengi wanaumizwa na vitu ambavyo watu wamekwisha kuvikataa, yaani unga ulionyeshewa, maini yenye vifuko vya maji na mchuzi wa juzi, vikabatizwa jina la chakula cha mbwa.

Anza na uzito. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha panda peke yako, toa. Mbwa mzima wa kilo 20, mzima wa afya na asiye na mimba, anatosheka kwa siku na gramu 150 za mchele mkavu (chenga zinafaa kabisa), gramu 300 za nyama isiyo na mafuta mengi, gramu 100 za mboga, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia na nusu kijiko cha chai cha unga wa maganda ya mayai. Mgawie mara mbili, asubuhi na jioni. Wa kilo 10 anahitaji zaidi kidogo ya nusu ya hapo, kwa sababu mbwa mdogo huchoma chakula haraka kuliko mkubwa. Baada ya wiki tatu mpapase mbavu. Ukizihisi kirahisi chini ya ngozi bila kuziona kwa mbali, kipimo kiko sawa. Ukizitafuta kwa vidole, punguza wanga.

Mchele au ugali uive mpaka ulainike, maana wanga mbichi huunguruma tumboni na kutoka kama ulivyoingia. Nyama ikatwe vipande vidogo, ichemshwe, na supu yake imwagiwe kwenye wanga badala ya kutupwa. Karoti, boga, mchicha au maharage machanga yakatwe madogo na yaingie mwisho. Chumvi usitie.

Maganda ya mayai watu huyaruka wakidhani ni mapambo, kumbe ndiyo yenye ile chokaa. Nyama ina fosforasi nyingi na chokaa kidogo sana. Mbwa anayekula nyama na wali tu kwa miezi, mwili wake unakwenda kuchukua chokaa kwenye mifupa yake mwenyewe. Kwa mtoto wa mbwa matokeo yanaonekana mapema: miguu ya mbele inapinda, anakanyaga kwa kisigino badala ya vidole, na siku moja anaruka ngazi mbili tu mfupa unavunjika. Osha maganda, yachemshe dakika 10, yaanike juani mpaka yakauke, kisha yatwange na kuyachekecha mpaka yawe laini kama unga wa ngano. Vipande vyenye ncha visibaki. Ganda la yai moja linatosha siku mbili kwa mbwa yule wa kilo 20. Kipimo hiki ni cha mbwa mzima tu. Watoto wa mbwa, hasa wa mbegu kubwa kama German Shepherd, wapangiwe na daktari wa mifugo, kwa sababu chokaa ikizidi nayo inaharibu mifupa inayokua.

Ukitumia dagaa wakavu, wale ambao Kenya huitwa omena, gramu 100 zinachukua nafasi ya zile gramu 300 za nyama, na maganda ya mayai unayaacha kwa sababu dagaa analiwa na mifupa yake. Tatizo la dagaa ni mchanga wa alikoanikwa. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu, wakoroge, kisha wachote kutoka juu kwa mikono, usimimine beseni zima. Rudia mpaka upitishe kidole chini ya beseni usikute punje. Dagaa anayenukia mafuta yaliyooza au uvundo, mwache dukani.

Kitunguu maji, kitunguu saumu na jamii yao yote ni marufuku, kibichi, kilichokaangwa au cha unga. Vinapasua chembe nyekundu za damu, na moto hauiondoi sumu hiyo. Kwa mbwa wa kilo 20, gramu 100, yaani kitunguu kimoja cha wastani, kinatosha kumwumiza, na kidogo kidogo cha kila siku kinajilimbikiza. Dalili huchelewa siku kadhaa: fizi zinapauka, anahema kwa kutembea tu, mkojo unakuwa wa kahawia. Kwa sababu ya kuchelewa huko, hakuna anayekumbuka mchuzi wa Jumapili. Ndiyo maana mabaki ya rosti na pilau hayafai, na vidonge vya kutia ladha kwenye supu visiguse sufuria yake, kwani vingi vina unga wa kitunguu. Pilau na biriani zina hatari ya pili: zabibu kavu, ambazo zinaweza kuua figo za mbwa hata zikiwa chache.

Mengine kwa ufupi. Chokoleti hapana. Bablishi na pipi zisizo na sukari hapana, maana nyingi zina zailitoli, utamu unaotiwa badala ya sukari, inayoshusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya saa moja. Makadamia hapana. Pombe na unga mbichi uliotiwa hamira hapana, kwani unaendelea kuumuka tumboni. Muhogo mbichi na viazi vilivyogeuka kijani hapana. Mafuta yaliyokatwa kwenye nyama choma hapana, hata siku ya sikukuu. Mafuta mengi kwa mkupuo huwasha kongosho, na utamwona mbwa ameinamisha kifua chini, makalio juu, akitapika bila kitu kutoka.

Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, wa kuku kuliko yote. Gunzi la hindi la kuchoma hakuna anayeliona ni hatari, kwa hiyo hutupwa uani, na mbwa hulimeza kwa sababu lina harufu ya chakula. Halisagiki tumboni. Linaziba utumbo, na lililoziba kawaida huhitaji upasuaji.

Maini, mapafu na utumbo wa machinjioni ni rahisi na mbwa wanavipenda, lakini visiingie mdomoni vikiwa vibichi. Vile vifuko vya maji kwenye maini na mapafu ya mbuzi, kondoo na ng'ombe vinaweza kuwa na vichwa vya tegu mdogo sana. Mbwa akivila, tegu wanakua tumboni mwake na mayai yao yanatoka na kinyesi. Mtoto anayemshikashika mbwa anayameza, na uvimbe wa maji unakua ndani ya ini lake kwa miaka bila kujulikana. Turkana, kaskazini mwa Kenya, wanaufahamu ugonjwa huu kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Kata vipande vidogo, chemsha maji yakitokota kwa nusu saa kamili, na vyenye vifuko viteketeze kwa moto au vizike chini sana. Ini lenyewe, hata likiwa safi, lisizidi kipande cha ukubwa wa vidole viwili kwa siku, maana vitamini A ikizidi nayo inadhuru.

Sasa unga. Hapa soma taratibu, kwa sababu hapa ndipo mbwa wengi wanapokufa na mwenye mbwa anabaki kumlaumu mtu mwingine.

Mahindi yaliyovunwa na unyevu, au yaliyolowa ghalani, yanaota ukungu, na ukungu huo unatengeneza sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu hawa walikula mahindi ya kwao, waliyoyapika kama siku zote. Kupika hakusaidii: ugali haupiti joto la maji yanayochemka, na sumukuvu inahitaji joto kali zaidi ya mara mbili ya hilo ili ivunjike. Kuosha unga hakuwezekani, na kuuanika tena juani kunakausha ukungu huku sumu ikibaki.

Mbwa anadhurika zaidi na sumukuvu kwa sababu tatu. Anakula unga uleule asubuhi na jioni mpaka gunia liishe, wakati nyinyi leo mnakula wali na kesho ndizi. Mwili wake ni mdogo. Na anapewa kibaya zaidi makusudi. Mahindi yakikobolewa mashineni, sumu nyingi inaondoka na pumba na kiini cha punje. Sembe inakwenda mezani, pumba zinauzwa bei ya chini kwa mifugo, na hizo ndizo zinazopikwa ugali wa mbwa. Punje zilizochaguliwa na kutupwa kando, zenye rangi ya kijani na zilizobunguliwa, nazo husagwa "za mbwa". Kwa hiyo kila hatua iliyomsafishia mtu chakula imemjazia mbwa sumu.

Inavyokwenda ni hivi. Siku chache baada ya gunia jipya kufunguliwa, mbwa anaacha nusu ya bakuli. Mwenyewe anaona amechoka ugali, anamwongezea supu ili umshuke. Anaula. Wiki inapita, anaanza kutapika na kulala mchana kutwa mahali pamoja. Mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Inua mdomo wa juu: fizi ni za manjano, na weupe wa macho vilevile. Mwishoni kinyesi kinatoka cheusi kama lami, kwa sababu ini lililokufa haliwezi tena kusaidia damu kuganda. Hapo nyumba nzima inasema ametupiwa sumu na wezi. Fundi wa sindano wa mtaani anasema ni homa ya kupe, na huwezi kumlaumu sana, maana homa ya kupe nayo inaleta manjano na mkojo mweusi. Mbwa anachomwa sindano ya kupe, anarudi nyumbani, anapikiwa ugali wa gunia lilelile ili apate nguvu.

Kinachofumbua fumbo ni swali moja: gunia lilifunguliwa lini? Mbwa wawili wa banda moja wakiacha chakula wiki moja, simamisha unga siku hiyo hiyo, wape wali, na ubebe gramu mia chache za unga huo kwenda nazo kwa daktari wa mifugo pamoja na mbwa. Usisubiri manjano. Ini likishafika kwenye manjano, wengi hawarudi, lakini mbwa aliyeondolewa kwenye unga mapema ana nafasi nzuri ya kupona.

Kwa hiyo nunua mahindi, usinunue unga usioujua. Unga unaficha kila kitu, punje inasema. Yamwage kwenye ungo mchana, toa zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye vumbi la kijani, kisha zitupe mbali hata na kuku. Pima unyevu kwa chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili, tuliza. Chumvi ikidondoka chini yote, mahindi yamekauka. Ikiganda ubavuni mwa chupa, bado yana maji, na yakiingia kwenye gunia hivyo yataota ukungu. Saga kiasi cha wiki mbili tu kwa wakati mmoja, yakobolewe kwanza, na gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukiona gharama, mpikie chenga za mchele na uachane na mahindi kabisa. Mchele una sumukuvu kidogo kuliko mahindi. Karanga na mashudu yake yana hatari ileile.

Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili, na Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi hata hizo ni nyingi. Kwenye friji siku tatu. Umeme ukikatika usiku kucha, hesabu kimeharibika. Ukimhamisha kutoka chakula cha dukani, fanya taratibu: siku mbili robo ya chakula kipya, siku mbili nusu, siku mbili robo tatu. Ukimbadilishia ghafla ataharisha na utadhani chakula chako ni kibaya.

Namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu kabla ya siku ya shida. Mbwa akila kisichofaa, usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Maziwa hayaui sumu, mafuta yanaweza kuharakisha baadhi ya sumu kuingia mwilini, na chumvi yenyewe inaweza kumwua. Mpeleke na kilichobaki cha alichokula.

Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika nyama mbichi na baada ya kuosha bakuli lake. Bakuli lioshwe kila mlo, si kulambwa tu. Chakula alichokiacha kiondoe baada ya nusu saa, maana kikilala nje kinaita panya, panya wanaita sumu ya panya kutoka kwa jirani, na mbwa hula panya aliyekufa kwa sumu hiyo akaumwa nayo.