Jinsi ya Kufuatilia Nyendo za Popo Wala Matunda Mombasa na Viungani Mwake

Mtu anayetaka kujua jinsi popo wala matunda wanavyoutumia mji wa Mombasa, mashamba ya ng'ambo na misitu iliyo nyuma yake hahitaji kuanza na vifaa vya bei kubwa. Anachohitaji ni kufahamu kwamba popo hawa hulala mahali pamoja, hupata chakula mahali pengine, na mara nyingi hukitafunia mahali pa tatu, na kwamba kila mojawapo ya sehemu hizo huweza kuwa katika mazingira ya aina yake. Anayeutazama mti mmoja pekee ataona popo wakija na kuondoka bila kuelewa walikotoka wala waendako. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziunganisha sehemu hizo hadi njia yao ya usiku ijitokeze.

Kwanza, jua unayemfuata. Mjini, utakayekutana naye zaidi ni Epomophorus wahlbergi, popo wa ukubwa wa wastani mwenye pua ndefu na mabaka meupe penye mashina ya masikio, ambaye dume lake lina vishungi vya manyoya meupe mabegani linavyovitokeza linapowaita majike. Huyu hulala mitini, katika majani mazito ya mwembe, chini ya makuti ya mnazi, na pengine chini ya ukingo wa paa la nyumba, wakiwa wachache pamoja, na huhamahama kutoka mahali pamoja pa kulala hadi pengine. Rousettus aegyptiacus ni wa mapangoni. Yeye, tofauti na wenzake wengi wala matunda ambao hutegemea macho na pua, hugonga ulimi na kusikiliza mwangwi, na kwa sababu hiyo huweza kukaa ndani kabisa ya pango lenye giza. Wa tatu ni Eidolon helvum, mkubwa kuliko hao wawili, mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu na mabawa yanayofika takriban sentimita 75 yakikunjuliwa.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua ukubwa wa eneo la kuchunguzwa. Epomophorus kwa kawaida hutafuta chakula ndani ya kilomita chache kutoka alipolala, kwa hiyo mtaa mmoja na mitaa jirani yake hutosha kukupa picha. Rousettus huweza kuruka kilomita nyingi zaidi kutoka pangoni kwake, na Eidolon huvuka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja. Kati ya Oktoba na Desemba kila mwaka, mamilioni ya Eidolon hukusanyika katika msitu wa Kasanka nchini Zambia kisha hutawanyika, na mmoja kati ya waliofungwa vifaa vya setilaiti alifuatiliwa kwa zaidi ya kilomita 2,000. Usitarajie kumfuata huyo kwa miguu, lakini akionekana, tarehe na mti aliotua ni taarifa za thamani.

Baada ya hapo, orodhesha miti. Zunguka mtaa wako mchana na uandike kila mti wenye matunda laini au maua makubwa ya usiku: mkungu, mwembe, mpera, mzambarau, mpapai, mkorosho, mwarobaini, mkuyu, mbuyu, msufi na mwegea. Andika pia hali ya kila mmoja, kama una maua, matunda mabichi au matunda yaliyoiva, kwa sababu popo hufuata kuiva na wala si mti wenyewe. Msimu mkubwa wa maembe ya pwani, takriban Novemba hadi Machi, huwavuta popo wengi mashambani Kisauni, Likoni na Mtwapa, na ukikwisha hubidi watafute kwingine. Hapo ndipo umuhimu wa mkuyu unapoonekana. Miti ya jamii yake haizai yote kwa wakati mmoja, bali mmoja huiva huku mwingine ukiwa bado, na hivyo popo hupata chakula katika miezi ambayo bustani hazina kitu. Kwa maoni yangu, mkuyu mmoja mkubwa katika mtaa una uzito kuliko miembe kadhaa, nao ndio unaofaa kuwa wa kwanza kwenye orodha.

Mibuyu ya kando ya Mama Ngina Drive inastahili jioni yake yenyewe. Ua la mbuyu hufunguka jua linapotua, ni jeupe, kubwa, linaning'inia kwa kikonyo kirefu, na harufu yake nzito humfikia popo kutoka mbali. Popo hulishika, hunywa mbochi, yaani maji yake matamu, na huondoka na chavua kifuani na usoni kuelekea mbuyu mwingine. Kwa kuwa ua hilo hunyauka ndani ya takriban siku moja, tembelea mapema msimu wa maua, karibu na mvua za vuli, na ukae mahali ambapo ua linaonekana likiwa na anga nyuma yake.

Kazi yenye faida kubwa kupita zote hufanywa asubuhi mapema, kabla wafagiaji hawajapita. Popo wa aina ya Epomophorus hamezi tunda lote. Hulikamua kwa ulimi dhidi ya kaakaa lake lenye matuta, hunywa maji yake, kisha hutema makapi. Makapi hayo ni vidonge bapa vya nyuzinyuzi, vikavu kuliko unavyotarajia, na vikiwa vipya huweza kuonyesha alama za matuta ya kaakaa. Ukiviokota kwa kijiti na kuvifumua, mara nyingi utatambua rangi na nyuzi za tunda, na hivyo utajua popo alitoka kwenye mti gani hata kama mti huo hauko karibu. Tumbili, kima na komba pia hudondosha mabaki, lakini wao hula wakiwa juu ya mti wenyewe na huacha vipande vyenye alama za meno. Kunguru naye hudonoa na kuacha tundu.

Ishara iliyo wazi zaidi ni tunda lililo mahali pasipo pake. Popo wengi hawapendi kukaa kwenye mti wa matunda wakati wote wa kula, pengine kwa sababu ya ushindani na maadui, bali huchukua tunda moja kwa mdomo na kwenda kulitafuna kwenye mti mwingine wenye kivuli. Ukikuta rundo la kokwa za kungu chini ya mwarobaini, au mbegu za mwarobaini chini ya mwembe, umepata mti wa kutafunia. Tafuta mti wa tunda hilo ulio karibu kuliko yote, hesabu hatua kutoka hapo, na uandike upande unaoelekea. Rudi kila juma, ufagie mahali hapo ukishamaliza kuhesabu, ili mabaki mapya yasichanganyike na ya zamani.

Jioni, simama mahali penye uwazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu, ukiwa na mgongo kwa mti unaoshuku kuwa ni wa kulala, na uandike popo wanaelekea upande gani. Tumia taa yenye karatasi nyekundu, na usiimulike malaloni mwao. Masikio husaidia kuliko macho: dume la Epomophorus huita kwa mlio mmoja unaorudiwarudiwa kwa dakika nyingi, kama kengele ndogo inayogongwa kwa mpigo usiobadilika, na mlio huo hukuonyesha mahali anapokaa usiku hata usipomwona.

Sasa chora ramani. Weka alama tofauti kwa pa kulala, maua, matunda na pa kutafunia, kisha unganisha kwa mistari ile tu uliyoithibitisha kwa makapi au kwa macho. Panua uchunguzi kidogo kidogo kuelekea mazingira mengine. Kwenye mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor, kagua mlilana, ambao maua yake hufunguka usiku. Katika machimbo ya zamani ya Bamburi, ambayo leo ni Haller Park, upandaji ulianza mwaka 1971 kwa mivinje, mti ambao haumpi popo tunda lolote, na miti mingine ikafuata baadaye. Angalia ni mche gani umeota chini ya matawi ambako ndege na popo hutua. Mbegu ndogo kama za mkuyu humezwa na huweza kutoka tumboni kwa muda usiofika saa moja, mara nyingine popo akiwa angani, na kwa njia hiyo hufika penye uwazi ambapo mti mama hauwezi kuzifikisha. Misitu mitakatifu ya kaya, yaani makazi ya kale ya Mijikenda, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, imetawanyika kwa takriban kilomita 200 za pwani, na mingi ni midogo iliyozungukwa na mashamba. Ukiruhusiwa na wazee wa kaya kukaa pembezoni, hesabu popo wanaotoka na wanaoingia, bila kuingia ndani.

Usalama uzingatiwe tangu siku ya kwanza. Usimshike popo, aliye hai wala mfu, na usile tunda lililotafunwa. Usiingie mapango wanamolala: Rousettus ndiye mwenyeji wa virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kuua, na mwaka 1980 na 1987 wagonjwa wawili walihusishwa na ziara katika pango la Kitum, Mlima Elgon. Mapango ya mawe ya matumbawe ya pwani yatazamwe kutoka nje, kwa mbali, jioni wanapotoka. Kuwafukiza kwa moshi huongeza hatari kwa watu, kwa kuwa huwatawanya wakiwa na hofu, na huua watoto, ilhali jike kwa kawaida huzaa mmoja tu kila mara.

Ramani ya msimu mmoja haitoshi. Irudie wakati wa masika na wakati wa vuli, kisha ziweke ramani hizo kando kwa kando na utafute miti inayotokea katika zote mbili. Hiyo ndiyo ya kuonyesha mwenye shamba, kamati ya mtaa au ofisi ya kaunti pindi mpango wa kukata miti unapoletwa, pamoja na tarehe na hesabu ulizozichukua chini ya kila mmoja. Mwenye maembe naye ana hoja yake na asipuuzwe. Mwambie avune yakiwa yamekomaa lakini bado magumu, kama yanavyovunwa ya sokoni, kwa kuwa popo huyafuata yaliyoiva, na mkungu au mkuyu uliobaki karibu na shamba lake utawapa pa kwenda.