Makinda wa Birmingham Roller: Jinsi ya Kuwafundisha Kuruka Kundi Moja

Birmingham Roller ni njiwa aliyekuzwa na wafugaji wa jiji la Birmingham, Uingereza, na miji ya viwanda iliyo jirani nalo. Akiwa angani hupiga pindu za kinyumenyume mfululizo, kwa kasi ambayo aliye chini haoni tena mbawa wala kichwa, kisha hujinyoosha na kupanda kuwafuata wenzake. Pindu hizo ni za damu, na hakuna mtu anayeweza kumfundisha njiwa kuzipiga. Kazi ya mfugaji ni kumfundisha mambo matatu mengine: kuitika filimbi, kuingia bandani bila kusita, na kuruka akiwa amebanana na wenzake.

Yote matatu yakae sawasawa kabla pindu hazijaanza. Kinda aliyekwisha kuanza kupinduka anahangaika na mwili wake mwenyewe, na adabu ya kundi haimwingii tena kirahisi. Wengi wanaoharibu kundi zuri huliharibu hapo, kwa haraka ya kutaka kuona pindu.

Na kundi lenyewe ndilo kila kitu. Katika mashindano ya dunia ya njiwa hawa, mfugaji hurusha njiwa wasiozidi 20 na hupimwa kwa dakika 20. Alama hutolewa pale tu njiwa watano au zaidi wanapobingirika kwa pamoja. Njiwa mmoja anayepiga pindu safi akiwa peke yake pembeni hakuletei hata alama moja.

Banda la kundi

Usiwachanganye makinda wa kurusha na njiwa wanaozaa. Wapatie banda lao dogo. Kwa njiwa 20, sanduku la mbao lenye upana wa sentimita 120, kina cha sentimita 90 na kimo cha sentimita 120 linatosha. Sakafu iwe ya wavu mgumu wa chuma ili kinyesi kidondoke chini. Ukutani weka vijumba vya kutulia, kila kimoja sentimita 20 kwa 20, na vizidi idadi ya njiwa kwa viwili au vitatu, kwa sababu njiwa asiye na mahali pake hupigana usiku kucha na asubuhi anaruka amechoka.

Banda liwe na hewa ya kutosha lakini mwanga hafifu. Njiwa anayekaa penye mwanga mdogo hutulia, na mlango unapofunguliwa anatoka na hamu ya kuruka. Ukimweka kwenye kizimba kikubwa cheupe anakopapasa mbawa kutwa, ataimaliza hamu hiyo humo ndani.

Mbele ya mlango funga ubao wa kutua. Kwenye mlango wenyewe ning’iniza fito nyembamba za chuma zinazosukumika kuelekea ndani tu, ili anayerudi aingie na aliye ndani asitoke. Pia tengeneza kizimba chepesi cha wavu kinachokaa juu ya ubao huo au juu ya paa. Hicho ndicho kitakachowafunza makinda sura ya mahali wanapoishi.

Siku 28 hadi 35: kuwatenga na wazazi

Kinda yuko tayari kutengwa akiwa na siku 28 hadi 35. Mnyanyue bawa: ukiona chini yake bado kuna ngozi tupu, mwache kwa wazazi siku chache zaidi. Anayetengwa mapema mno hudumaa, na kwenye kundi atakuwa wa nyuma siku zote. Pete ya mguuni iwe ilishavishwa alipokuwa na siku 7 hivi, na namba yake iandikwe daftarini pamoja na za wazazi wake. Bila daftari hutajua kasoro imetoka ukoo gani.

Siku mbili za kwanza hakikisha kila mmoja anajua maji yaliko. Mshike taratibu umchovye ncha ya mdomo kwenye chombo. Kinda wengi wanaokufa wiki hiyo hawafi kwa ugonjwa, ni kiu.

Kuanzia mlo wa kwanza kabisa, piga filimbi kabla hujamwaga nafaka, na utikise kopo. Sauti iwe ileile na kopo lileile kila siku. Usipige filimbi kwa sababu nyingine yoyote. Baada ya juma moja utaona wanashuka vijumbani mara tu wanapoisikia, na hapo una kamba ya kuwavutia nayo hata wakiwa mbali angani.

Chakula

Hapa ndipo ustadi ulipo. Njiwa wa kundi hula mara moja kwa siku, baada ya kuruka. Kinda aliyetoka kutengwa apate gramu 30 hadi 35 kwa siku, kwa kuwa bado anajenga mifupa na manyoya. Wakishazoea kuruka, shusha hadi gramu 25 au 30. Kwa njiwa 20 hiyo ni kati ya nusu kilo na gramu 600 kwa kundi zima. Pima kwa mizani, usikisie kwa kiganja.

Mchanganyiko mzuri wa makinda ni nusu ngano, robo mbaazi au njegere kavu, na robo mtama. Jamii ya kunde inajenga mwili. Baadaye, wakishaanza kubingirika vizuri, punguza mbaazi na uwape zaidi ngano na mtama. Ukiendelea na mbaazi nyingi au mahindi watapata nguvu kupita kiasi, watapanda hadi waonekane nukta, watakaa saa mbili huko na hawatapinduka. Siku ya upepo hao ndio wasiorudi.

Mwaga nafaka kidogokidogo. Wote wale kwa pamoja, na mlo uishe ndani ya dakika kumi. Wa kwanza akienda kunywa maji ni ishara kwamba wanakaribia kushiba. Usiache nafaka chomboni, kwa sababu njiwa aliyeshiba hana haja na filimbi yako. Chombo tofauti kiwe na changarawe ndogo, maganda ya chaza yaliyosagwa na chumvi ya madini kidogo.

Usiwapime kwa macho tu. Mara mbili kwa juma shika wawili watatu na upapase mfupa wa kidari. Unatakiwa kuusikia mfupa huku nyama imejaa pande zote mbili. Ukiwa mkali mkononi, ongeza chakula siku hiyohiyo. Kuwalaza na njaa makinda wanaokua si nidhamu. Manyoya yanayoota wakati huo hutoka na mistari ya udhaifu na kukatika baadaye.

Kutoka nje kwa mara ya kwanza

Juma la kwanza waweke kwenye kile kizimba cha wavu saa moja au mbili kila siku, watazame paa, miti na mbingu ya hapo. Wapigie filimbi waingie kula kupitia zile fito. Siku za mwanzo inua fito mbili, kisha uziteremshe wakishajua kusukuma.

Wakifika majuma matano hadi sita, ondoa kizimba. Chagua siku tulivu, isiyo na ukungu wala upepo, na wafungulie kama saa mbili kabla ya jua kuzama, wakiwa hawajala. Wasitishwe. Usipige makofi, usipunge kitambaa, usiwatoe kwa mkono. Waache watembee wenyewe ubaoni na kurukia paa. Baada ya dakika 15 piga filimbi, tikisa kopo, waingie wale. Siku ya kwanza inatosha hivyo.

Usingoje wapite majuma manane. Kinda mkubwa ana mbawa zenye nguvu kuliko anavyolijua banda lake. Akishtuka mara moja atapaa moja kwa moja na atapotelea mtaa wa nne.

Kwa siku kadhaa watarukaruka ovyo, kila mmoja na njia yake, wengine wakigonga antena. Ni kawaida. Wafungulie kila siku saa ileile. Siku moja wawili watazunguka pamoja, kesho watano, na ndani ya majuma mawili au matatu kundi litaanza kujifunga lenyewe. Hapo muda wa angani hupanda wenyewe kutoka dakika tano hadi nusu saa, kisha saa moja. Inafaa kuanza na makinda 20 hadi 25 wanaolingana umri, kwa sababu baadhi watachukuliwa na kipanga na wengine utawatoa mwenyewe. Ukiongeza wadogo kwenye kundi lililokwisha kukomaa, watashindwa kulifuata na watatua mapema.

Kuwa na njiwa wawili watatu weupe wasiopenda kuruka ni msaada mkubwa. Watupie ubaoni wakati wa kuita: wale wa juu wakiona weupe huo unapapatika chini, wanateremka.

Wanaoharibu kundi

Anayetua kabla ya wenzake ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu wengine humwiga. Mtoe siku hiyohiyo. Kwanza mkague: fungua mdomo utazame kama koo lina utando wa njano unaofanana na jibini, dalili ya ugonjwa wa koo unaosababishwa na vijidudu vya trikomonasi, tazama kinyesi kama ni maji matupu, hesabu manyoya makuu ya mbawa, maana anayebadilisha matatu kwa pamoja hawezi kwenda sambamba na wenzake. Shingo ikijipinda, mtenge mbali kabisa na uite daktari wa mifugo. Virusi vinavyowapata njiwa hivyo ni vya jamii moja na kideri cha kuku, na chanjo yake hutolewa kabla ya ugonjwa kuingia.

Asipokuwa mgonjwa, mpumzishe juma moja kwa chakula kizuri kisha umjaribu tena. Fanya vivyo hivyo kwa anayeruka peke yake pembeni au juu ya kundi. Akirudia mara ya tatu, huyo si wa kundi, hata kama ni mzuri wa umbo.

Kundi zima likikataa kushuka, tafuta kosa kwenye mizani: jana walikula kupita kiasi. Kundi zima likiruka dakika tano na kutua, ama wana njaa ya kudhoofisha ama kuna ugonjwa. Usiwafukuze waruke.

Pindu zinapoanza

Wengi huanza kati ya miezi mitatu na sita, wengine hukawia hadi mwaka. Dalili ya kwanza ni kutandaza mkia na kurudi nyuma hewani kama anayetaka kukaa. Kisha hupiga pindu moja, mbili, halafu mfululizo. Wakati huu baadhi huogopa na kujitenga na kundi. Wape nafasi, na upunguze kuwarusha hadi mara tatu au nne kwa juma.

Yuko pia anayebingirika bila kujizuia hadi agonge paa au ardhi. Mfungie majuma mawili, mshibishe hadi awe mzito kidogo, mjaribu tena. Akirudia, usimrushe, atakufa. Wala usimzalishe, kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa.

Vipanga

Badilisha saa za kurusha wakishakomaa, kwa sababu kipanga anayejua ratiba yako atakusubiri. Baada ya shambulio wapumzishe siku tatu. Kule Uingereza na Marekani majira ya vipanga kuhama ni mabaya sana, na wafugaji wengi hulifungia kundi kabisa miezi hiyo. Usimdhuru kipanga. Nchi hizo zinamlinda kwa sheria, na mwaka 2007 wafugaji kadhaa wa njiwa hawa nchini Marekani walishtakiwa kwa kuua vipanga. Hasara ya njiwa wachache iingize kwenye hesabu tangu unapotenga makinda.

Usimhamishie njiwa yeyote kwenye banda la kuzalisha kabla hujamwona angani msimu mzima. Daftarini andika tarehe aliyoanza kupinduka, kama alirudi kwenye kundi haraka baada ya kila pindu, na kama aliwahi kutua kabla ya wenzake.